Barua Ambayo Kaizari Hakuisoma

Katika tamthilia ya Shakespeare ya Juliasi Kaizari kuna mtu anayesimama barabarani na karatasi mkononi. Jina lake Artemidorus. Ni mwalimu, mtu wa vitabu, asiye na cheo chochote Roma. Amepata habari ya njama, amewaandika kwa majina wote wanaotaka kumwua Kaizari, na sasa anajipenyeza kwenye msafara ili karatasi imfikie mwenyewe. Anamsihi aisome kabla ya maombi mengine, kwa sababu hii inamgusa yeye Kaizari. Ndipo Kaizari anapotoa jibu ambalo hunisimamisha kila ninapolifikia: linalomgusa yeye mwenyewe litashughulikiwa mwisho. Artemidorus anazidi kusihi. Kaizari anauliza kama mtu huyu ana wazimu, na mwalimu anaambiwa apishe njia. Msafara unaingia Kapitoli, na muda si muda visu vinachomolewa.

Jibu lile ni la mtu mwema. Kiongozi anayetanguliza shida za raia na kuweka yake nyuma ndiye tunayemwomba Mungu kila uchaguzi unapokaribia, na tukimpata tunamwimbia. Lakini wema ule ule ndio ulioiacha barua bila kufunguliwa. Plutarch, Mgiriki ambaye Shakespeare alichota kwake kisa hiki, anakisimulia kwa namna tofauti: Kaizari aliipokea karatasi, akajaribu kuisoma zaidi ya mara moja, lakini watu wenye haja zao walimzonga, akaingia nayo mkononi bila kuimaliza. Basi mtawala ana njia mbili za kukosa kusoma. Mmoja amezibwa na waliomzunguka, na huyo tunamjua. Wapambe hawajapata kuadimika katika nchi yoyote. Mwingine amezibwa na uadilifu wake. Huyu wa pili ndiye anayenishughulisha, kwa sababu mbele yake msomi hana silaha. Mtawala dhalimu unaweza kumsuta kwa udhalimu wake. Mtawala mwema utamsuta kwa kipi?

Na mkono ulioyatia maneno ya Kaizari katika Kiswahili ulikuwa mkono wa mtawala. Tafsiri ya kwanza ya Mwalimu Julius Nyerere ilitoka mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika mwenye umri wa miaka arobaini na moja, nchi ikiwa changa mno. Hakuridhika nayo, akairudia, na mwaka 1969 ikatoka upya, mwaka ambao pia alitupatia tafsiri ya Mabepari wa Venisi. Huwa najaribu kuufikiria usiku wa kazi ile. Mafaili yamefungwa, wageni wameondoka, na Rais anatafuta neno la Kiswahili litakalotosha kwenye kinywa cha mtu anayepanga kumwua mkuu wa nchi. Anahesabu mizani ya minong'ono ya wala njama. Anampa Brutus hoja zake zote bila kumpunja hata moja, kwa sababu mfasiri mwaminifu hawezi kumpunja mhusika. Miezi michache baada ya kitabu kutoka, Januari 1964, askari wa kambi ya Colito waliasi, na Mwalimu akawa mafichoni ndani ya mji wake mwenyewe. Aliporudi kazini, aliendelea kutawala na aliendelea kuandika, na hakuna aliyefanikiwa kuzitenganisha kazi hizo mbili tangu siku ile hadi anakufa.

Pwani yetu ilimjua mshairi wa mtawala kabla Tanganyika haijawa na jina. Muyaka bin Haji wa Mombasa alisimama na Wamazrui waliotawala mji huo katika ugomvi wao na Sayyid Said wa Omani, akawatungia, akawatetea, akawachokoza mahasimu wao. Unaweza kumwita mshairi wa upande mmoja na hutakosea. Lakini tazama mazingira yake: shairi lilitoka Mombasa, likavuka bahari hadi Lamu, na huko lilimkuta mtu mwenye ufundi uleule, aliyekuwa nje ya mkono wa Mombasa, akalijibu. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na pale kila upande ulikuwa na ngoma yake na mwambaji wake. Ukweli, kama ulikuwapo, ulisikika katikati ya milio miwili. Shaaban Robert naye, akiandika chini ya Mwingereza, alimweka msomi mbele ya kiti cha enzi katika Kusadikika. Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, naye anajitetea siku baada ya siku kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote za ulimwengu, wakarudi na maarifa, wakaishia gerezani. Mfalme wa Kusadikika alisikiliza mpaka mwisho. Shaaban alifariki Juni 1962, miezi sita tu baada ya uhuru, kabla hajaona wafalme wetu wapya watasikiliza kwa muda gani.

Sasa tumrudie yule mtawala mwema. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yalimaanisha pia kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao kwa muda. Miongoni mwa mabango yao kulikuwa na lililosema kwamba enzi za mkoloni zilikuwa afadhali. Mwalimu alichomwa. Akauliza kama wanajua mshahara wake ni kiasi gani, akautaja, shilingi elfu tano kwa mwezi, na pale pale akaukata kwa asilimia ishirini. Wanafunzi karibu mia nne walirudishwa makwao. Nimeisoma habari hii mara nyingi na kila mara moyo wangu unakwenda upande wa Mwalimu. Vijana wale walisomeshwa kwa jasho la watu ambao hawakujua kusoma, na bango lile lilikuwa tusi kwa kila aliyewahi kubeba mzigo wa bwana shauri. Lakini tuangalie pia kilichotokea katika dakika zile. Swali lilikuwa kuhusu amri ya serikali. Jibu likawa maisha ya Rais. Alipoukata mshahara wake, hakuna aliyeweza tena kuijadili amri bila kuonekana anatetea tumbo lake. Tangu siku ile kumpinga Mwalimu kukahitaji kwanza uthibitishe kwamba wewe ni mwema kama yeye, na wangapi tungeweza?

Miezi mitatu na ushei baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, asiwe na hisa katika makampuni. Mimi bado naamini ni miongoni mwa maandiko yenye heshima kubwa zaidi yaliyopata kutoka serikalini katika bara hili, na silisemi hilo kwa kujikinga. Lilikuwa fikra hai: mtu aliyekuwa akijiuliza kwa miaka ni nini kimeharibika katika uhuru alikuwa ameandika alipofika. Kisha washairi wakaombwa walifikishe kwa wananchi, nao wakaitika kwa moyo. Mathias Mnyampala, hakimu na mwandishi wa historia ya Wagogo, aliongoza chama cha washairi cha UKUTA na akaikuza ngonjera, shairi la majibizano la kusemwa jukwaani. Alifariki mwaka 1969, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vikaja kuenea mashuleni baada yake. Waliosoma miaka ile wanakumbuka. Watoto wamejipanga uwanjani mbele ya mgeni rasmi. Mmoja ni mnyonyaji, au mvivu, au mtu wa mjini asiyetaka jembe. Mwenzake ameelewa siasa ya Chama. Wanajibizana kwa vina vilivyopangika, na kabla beti hazijaisha asiyeelewa ameelewa, ameomba radhi, na wote wanamalizia kwa sauti moja. Simlaumu Mnyampala. Alipewa kazi aliyoiamini, akaifanya kwa ufundi. Lakini hapo pana kitu kilichovunjika ambacho Muyaka asingekikubali: yale ni majibizano ambamo mmoja kati ya wawili amezaliwa ili ashindwe. Lamu haipo tena ng'ambo ya maji. Kila ubeti wa kupinga umetungwa na mkono uleule uliotunga wa kukubali, na mtoto anayeusema anafundishwa, bila yeyote kukusudia, kwamba shaka ni sehemu ya igizo na ina mahali pake pa kukomea.

Hapo ndipo ninapoona fikra ikigeuka kuwa itikadi. Maneno hayakubadilika hata moja. Kilichobadilika ni kwamba swali lililomkesheza mtu mmoja sasa liliwafikia mamilioni likiwa tayari ni jibu, na jibu ambalo hukulihangaikia unaweza kulikariri, huwezi kulirekebisha. Mwaka 1977, Azimio lilipotimiza miaka kumi, Mwalimu mwenyewe aliandika tathmini yake. Akakiri waziwazi kwamba Tanzania haikuwa nchi ya kijamaa wala haikuwa imejitegemea, akataja makosa, akataja uzembe, akataja mashirika ya umma yaliyoshindwa. Ni andiko la mtu anayejiletea barua yeye mwenyewe. Na mwaka uleule kikazaliwa Chama Cha Mapinduzi, ambacho mikutano yake ilikuja kufunguliwa na kufungwa kwa sauti za kutaka fikra sahihi za Mwenyekiti zidumu. Zidumu fikra! Mwenye fikra alikuwa ameshazitilia shaka baadhi yake kwa maandishi, na ukumbi mzima umesimama kuziombea umri mrefu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mgema huyu ndiye aliyekuwa akilionja tembo lake na kusema lina kasoro. Wanywaji ndio waliokataa kusikia.

Wasomi walikuwa wapi? Wengi walikuwa wamependa. Ali Mazrui, mwana wa Mombasa aliyekuwa akifundisha Makerere, aliliona hilo mapema na mwaka 1967 akaandika makala kuhusu namna Tanzania ilivyowaroga watu wa vitabu kutoka kila upande wa dunia. Walikuja Dar es Salaam kwa sababu hapa palikuwa na Rais aliyesoma walichosoma wao, aliyeweza kukaa nao na kubishana, na ambaye mikono yake ilikuwa safi. Mapenzi yale yalikuwa ya kweli na yalizaa kazi ya kweli; Walter Rodney aliandika Mlimani, pale chuo kikuu, kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyolirudisha nyuma bara la Afrika, na wanafunzi wa nchi za jirani waliokaa naye wakarudi makwao wakiwa watu wengine. Lakini anayependa hupata tabu kuleta habari mbaya.

Habari mbaya ililetwa na vijana. Mwaka 1969 kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi pamoja na tawi la vijana wa chama tawala, TANU, pale chuoni walianzisha jarida wakaliita Cheche. Septemba mwaka uliofuata jarida lilitoa toleo maalumu lenye andiko moja refu la kijana anayeitwa Issa Shivji. Hoja yake, ukiivua istilahi zake, ilikuwa hii: mali zimetaifishwa, lakini zimeingia mikononi mwa tabaka jipya linalokua ndani ya serikali na mashirika yake, nalo linasema lugha ya ujamaa huku likijijengea yake. Ni barua yenye majina, ingawa majina yenyewe ni ya vyeo. Novemba 1970 Cheche likafungwa, na kikundi cha wanafunzi kikapigwa marufuku. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba jina la jarida limeazimwa Urusi, kwa Lenin, na Tanzania inajenga ujamaa wake yenyewe. Tena tawi la vijana wa Chama linatosha. Wakaikagua bahasha, wakairudisha. Inaniuma kwamba mtawala aliyekuwa na uwezo wa kumjibu Shivji ukurasa kwa ukurasa, aliyekuwa msomaji hodari kuliko karibu wote waliomzunguka, hakupewa, au hakujipa, nafasi ya kufanya hivyo. Februari 1991 halmashauri kuu ya chama ilikutana Zanzibar na kuyalegeza masharti yale ya uongozi: hisa ruksa, nyumba za kupanga ruksa, mishahara miwili ruksa. Lile tabaka lilikuwa limeandikwa habari zake miaka ishirini kabla.

Kuna mshairi katika tamthilia ile ambaye watu humsahau. Anaitwa Cinna, jina lake limelandana na la mmoja wa wauaji, na umati wenye hasira unamkamata njiani. Analia kwamba yeye siye, yeye ni mshairi tu. Wanaelewa. Kisha wanaamua auawe kwa ubaya wa mashairi yake. Nikifika hapo sikumbuki Roma. Nakumbuka kwamba mwaka uleule wa 1969, tafsiri mpya ilipotoka, Abdallah Kassim Hanga na Othman Sharif, watu wawili waliosoma na waliowahi kuwa na madaraka, walikabidhiwa kwa serikali ya Zanzibar na wakauawa bila mahakama ya wazi. Sijui namna ya kuziweka habari hizi mbili pamoja zikakaa. Mtu aliyetafuta kwa uangalifu neno la kilio cha Cinna alikuwa mkuu wa dola iliyowakabidhi. Ninachoweza kusema ni kwamba kujua kwa ufasaha kabisa jinsi watu wanavyoangamizwa hakumzuii mtu kushindwa kuwaokoa, na kwamba wanaodai kusoma kunamfanya mtawala awe mpole waanze kwa kueleza hili.

Labda Mwalimu mwenyewe hakulisahau. Abdulrahman Babu, msomi wa Kimarx, mwandishi wa habari, waziri hadi mapema mwaka 1972, alikamatwa baada ya Karume, mtawala wa Zanzibar, kuuawa Aprili mwaka huo. Mahakama ya Zanzibar ilimhukumu kifo bila yeye kuwapo. Mwalimu hakumpeleka, alimweka kizuizini Bara hadi 1978. Ndani ya miaka hiyo Babu alisoma na kuandika, na alipotoka alichapisha kitabu cha kuupinga ujamaa wa Kiafrika kwa hoja. Na katika mwaka huohuo wa 1972, upande wa pili wa mpaka, kijana wa Mombasa alikuwa anatoka jela. Abdilatif Abdalla alikuwa na miaka ishirini na miwili alipotawanya waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi. Serikali ya Kenyatta ikamfunga miaka mitatu kwa swali hilo. Gerezani alitunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni, na mashairi yale yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata yakapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta. Abdilatif alipoachiwa alikuja Dar es Salaam, akapata kazi ya kuitumikia lugha katika taasisi ya Kiswahili. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee. Mji uliompa Abdilatif meza na kalamu ulikuwa mji wa serikali iliyomfungia Babu. Ni rahisi kumpokea msomi wa jirani: barua yake inamtaja mtawala mwingine.

Nimewalaumu watawala kiasi cha kutosha, na sitakuwa mkweli nikiishia hapo. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kazi iwe imekamilika mwishoni mwa 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa. Kwingine walikwenda kwa hiari. Kwingine magari yalikuja alfajiri, nyumba zikachomwa ili mwenyewe asirudi, watu wakashushwa porini mahali palipopimwa na mtu asiyejua maji yako wapi, na mashamba yenye mazao yakaachwa. Fungua maandiko ya Mlimani ya miaka ile. Utakuta mijadala mizito juu ya tabaka, ubeberu, mabepari uchwara, nani ni adui mkuu na nani ni adui mdogo. Ni mijadala ya watu wenye akili kali, na karibu yote imo katika Kiingereza. Mwanamke aliyeshushwa na mtungi na kuku wawili chini ya mti asingeweza kuisoma hata angetaka, wala yeye hamo ndani yake ila kama hesabu. Hapo wasomi walioipinga serikali na wasomi walioisifu walikutana: wote walikuwa wakiandikiana wao kwa wao na kumwandikia mtawala. Fuata nyuki ule asali. Kumbe hata anayemfukuza nyuki anakaa karibu na mzinga.

Namtoa mmoja. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, mwalimu wa chuo hichohicho, aliandika riwaya na tamthilia zake katika lugha ambayo mkulima angeweza kusomewa na mwanawe wa darasa la saba. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, huko Isimani, mkulima wa mahindi aitwaye Mwamwindi alimpiga risasi Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, msomi mwenye shahada ya uzamivu ambaye alikuwa akiisukuma siasa ya ujamaa kwa nguvu zake zote. Mwamwindi alinyongwa. Magazeti yalijua la kusema: shujaa na kabaila. Kezilahabi, katika Dunia Uwanja wa Fujo ya mwaka 1975, alichukua kisa kinachofanana na hicho na kukataa urahisi ule. Mwuaji wake ni binadamu ambaye tumemfuata tangu utoto wake, na mwishoni hatujui tumlilie nani. Katika Gamba la Nyoka akaingia vijijini wakati wa kuhamishwa kwenyewe. Na katika Kaptula la Marx, iliyokaa miaka mingi kabla ya kuchapishwa kitabu, akawavika viongozi vazi kubwa mno lililoshonwa kwa kiuno cha mtu mwingine. Kezilahabi hakumwandikia mtawala barua yoyote. Ndiyo maana, nadhani, hakuna aliyeweza kuikataa mlangoni. Baadaye alikwenda Botswana kufundisha, akafundisha huko miaka mingi, na alifariki Januari 2020 hapa Dar es Salaam.

Mwalimu aliuacha urais mwaka 1985 na uenyekiti wa chama mwaka 1990. Bunge lilipoelekea kukubali serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, aliyekuwa mkuu wa dola aliona hatari na hakuwa tena na amri ya kutoa. Akafanya walichofanya wengine kabla yake: akaandika. Kijitabu cha Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania kilichapishwa Harare, na ndani yake Waziri Mkuu na Katibu Mkuu wa chama wametajwa kwa majina na kuambiwa waondoke. Muda si mrefu wote wawili hawakuwa tena katika nafasi zile. Nakisoma kwa heshima, na kwa masikitiko pia, nikifikiria ni nani mwingine katika nchi hii angeandika kurasa zilezile, kwa hoja zilezile, akasomwa kwa haraka ile. Hoja ilipita kwa sababu ya aliyeishika. Miaka ishirini na mitatu ya urais haikuwa imetuachia njia ambayo hoja ya mtu asiye na jina ingeweza kupita yenyewe.

Wasomi wa leo wana kigoda chenye jina la Mwalimu pale chuoni, wana makongamano, na wana juzuu tatu za wasifu wake zilizotoka mwaka 2020, kazi kubwa ya Shivji na wenzake Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, ambayo haikumwonea wala kumpendelea. Zimeandikwa kwa Kiingereza. Nazitamani katika Kiswahili, na kabla ya hapo natamani kitu cha haraka zaidi, kwa sababu wenye habari wanaondoka. Aliyekuwa na miaka ishirini gari lilipokuja mwaka 1974 sasa amepita sabini. Yuko Kigoma, yuko Dodoma, yuko kando ya Rufiji, katika kijiji ambacho alishushwa na ambacho wajukuu zake wanakiita kwao. Anajua nani alikuja, alisema nini, alikuwa ameshika karatasi gani, na yeye mwenyewe alijibu vipi, kama alijibu. Wanafunzi wa likizo ndefu wangeweza kwenda kukaa naye na kuyaandika maneno yake kama atakavyoyasema, yawe ya kumsifu Mwalimu au ya kumlaani, na kuyachapisha bila kuyatengenezea hitimisho.